Mfereji Ulioachwa Wazi

Watu wa Rhonda, mtaa wa mjini, wana mazoea yao, na usiwacheke kabla hujaishi huko. Mfereji ukikauka haufungwi. Unaachwa wazi, na chini yake hupinduliwa sufuria kuukuu, ili maji yakirudi, iwe leo au kesho kutwa, yaigonge sufuria na ploti nzima isikie. Wa kwanza kusikia hupiga ukelele, "Maji imekuja!" na watu hutoka mbio na mitungi. Jannat alikulia katika ukelele huo. Kwa miaka yake kumi na mmoja hakuwahi kufunga mfereji mkavu, wala hakumjua mtu aliyewahi.

Kisha baba yake, Salmin, fundi wa kuchomelea vyuma, akapata kazi kwenye visima vya mvuke, na familia ikahamia milima ya Eburru. Huko hakuna mto, na visima vya maji ni hadithi. Lakini ardhi yenyewe hutoa mvuke kwenye nyufa, usiku na mchana. Wenyeji wamechomeka mabomba katika nyufa hizo. Mvuke hupanda ndani ya bomba refu, hupoa, hugeuka maji, na maji hudondoka tone moja moja ndani ya tangi.

Jannat alipoonyeshwa bomba la shule mara ya kwanza alibaki mdomo wazi.

"Manze, hii maji inatoka wapi?"

"Kwa mlima," akajibu Kiprugut, mwenyekiti wa Klabu ya 4-K, klabu ya kilimo ya shule. "Mlima inapumua, sisi tunashika. Funga mdomo, utaingiza inzi."

Siku hiyohiyo alijiunga na klabu. Walikuwa wanafunzi thelathini, wakiongozwa na Mwalimu Nerima, na tangi lao lilikuwa nyuma ya darasa la Gredi ya Sita. Maji yake yalikuwa na kazi mbili. Katikati ya wiki yalinywesha miche ya miti. Kuanzia Ijumaa jioni hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, maana Jumatatu klabu ilimpelekea Shosho Wamaitha mitungi miwili. Shosho, bibi kizee, aliishi peke yake chini ya shule, na magoti yake yalikuwa yamekataa kubeba hata kikombe. Mitungi hiyo miwili ndiyo iliyompikia na kumnywesha wiki nzima.

Basi Ijumaa moja walimwagilia miche mpaka tangi likakauka. Sally wa Gredi ya Nne, ambaye zamu ya mfereji ilikuwa yake, akaufunga vizuri, akaenda zake. Jannat alibaki nyuma, mikono imejaa matope. Akafungua mfereji. Kavu. Na hapo mkono ukajiendea wenyewe, kama mkono wa mtu anayejikuna usingizini. Aliuacha wazi, akaokota sufuria iliyotoboka kando ya jalala, akaipindua chini ya mfereji, akaenda nyumbani akiwa na moyo mweupe kabisa.

Mlima ukapumua Ijumaa usiku, ukapumua Jumamosi na Jumapili. Kila tone lililoingia tangini lilitoka, likaigonga sufuria, likazama ardhini. Hakukuwa na mtu wa kulisikia.

Jumatatu asubuhi klabu ilisimama mbele ya tangi tupu. Sufuria iling'aa, imeoshwa siku tatu.

"Zamu ilikuwa ya nani?" akauliza Mwalimu Nerima.

Macho yote yakamgeukia Sally. Mtoto akafungua kinywa aseme kwamba aliufunga, kikatoka kilio tu.

Jannat alitazama viatu vyake. Hakuna aliyemwona. Angenyamaza, jambo lingempita juu, na Sally angefukuzwa klabuni badala yake. Aliwaza hivyo kwa muda, tena muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Halafu akaona mtungi wa Shosho pale chini, mfuniko umefunguliwa tayari, akainua mkono.

"Ni mimi, Mwalimu. Kwetu Rhonda tunaachanga wazi. Ndio tusikie ikikuja."

Kisha wakacheka, Kiprugut kuwapita wote, na kicheko hicho kilimchoma kuliko fimbo. Mwalimu Nerima hakucheka.

"Utaenda umwambie Shosho mwenyewe," alisema. "Na mtungi uubebe hivyohivyo mtupu."

Shosho Wamaitha alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha aliomba aelezwe tena, polepole, jinsi sufuria inavyopinduliwa. Ndipo alipocheka hadi akakohoa.

"Haki watu wa mjini mna akili! Sasa sikiza, mtoto wangu. Maji ya leo niko nayo kidogo. Ya kesho sina. Ambia hao wenzako wakuje hapa asubuhi, jua kama halijatoka, kila mtu na kipande ya mabati. Hizo bomba zimekuja juzi tu. Unafikiri sisi tulikuwa tunakunywa nini?"

Alfajiri, baada ya kuswali, mama yake, Najwa, alijifunga leso juu ya sweta akamsindikiza. Baridi iliuma masikio. Walipopita kona ya mwisho wote wawili wakasimama.

Mteremko mzima uliokuwa nyuma ya nyumba ya Shosho ulikuwa unapumua. Mchana huwezi kuuona, jua huumeza mvuke wote. Lakini saa hiyo, katika baridi ile, moshi mweupe ulitoka kila mahali, chini ya mawe, kati ya mizizi ya vichaka vya leleshwa, kwenye nyufa zisizotosha kidole. Ulipanda wima, bila sauti, nguzo mamia kwa mamia. Katikati yake walikuwa watoto wa klabu, wameshika mabati kichwani, na Shosho akipita na fimbo yake, akiinama, akigusa ardhi kwa kiganja na kusema, "Hapa. Na hapa. Wewe, weka hapa."

"Subhanallah," mama akanong'ona.

Jannat alionyeshwa ufa wake. Aliegemeza bati juu ya mawe, likalala mshazari, akaweka sufuria aliyotoka nayo nyumbani kwenye ncha ya chini. Akachuchumaa. Hakuna kitu. Kisha upande wa chini wa bati ukafifia, ukatoka vijasho, vijasho vikakutana, vikateleza pamoja, na tone moja likaning'inia ukingoni. Likakataa kuanguka. Halafu likaanguka.

Ti.

Jannat aliliinamia. Maji yalikuwa yametoka mahali pasipo na maji, mbele ya macho yake, na yalikuwa yakifanya hivyo tangu kabla ya babu wa babu wa Shosho, kuwe na mtu au kusiwe na mtu. Na yeye alikuwa ameyamwaga siku tatu. Alilia hapohapo, kwa uchungu na kwa maajabu, bila kujua kipi kilimliza zaidi.

Jua lilipotoka, mabati thelathini yalikuwa yamejaza mtungi mmoja, na wa pili ukafika nusu. Shosho alionja kikombe cha kwanza, akatikisa kichwa kuridhika, akampa Jannat kilichobaki. Maji yalikuwa vuguvugu, yenye harufu ya leleshwa.

Shuleni, Kiprugut alimsubiri kando ya tangi pamoja na Sally.

"Tumekubaliana," alisema. "Mfereji ni yako kuanzia leo. Mwalimu anasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Na hakuna kuacha wazi," akasema Sally, bado amenuna.

Maji yaliyoingia usiku yalikuwa yametolewa yote kujaza mtungi wa pili wa Shosho; Jannat akaufunga mfereji. Akaujaribu. Akaujaribu tena. Kisha akabandika sikio kwenye ubavu wa tangi, akafumba macho. Kiprugut alitaka kusema kitu, akaashiriwa anyamaze. Wakangoja, mpaka huko ndani, katika giza la tangi tupu, tone likagonga chini.

Jannat akaruka.

"Maji imekuja!" akapiga ukelele, kwa sauti yote ya Rhonda.

Na wengine wote wa Klabu ya 4-K, ishirini na saba kamili, wakatoka darasani mbio na mitungi kwa ajili ya tone moja.