Ugomvi Kando ya Dripu

Kabla ya kuugua alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mumewe. Gari lake la kufundishia lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine upande wa abiria, chini ya mguu wake mwenyewe, na alijivunia kwamba aliikanyaga kwa nadra. Alipenda kuwachunguza watu. Alikuwa akisema kwamba mtu akishika usukani hawezi kuficha tabia yake: mbishi ataonekana, mwoga ataonekana, na anayetawaliwa nyumbani ataomba ruhusa hata ya kuwasha indiketa.

Mumewe alikuwa fundi umeme, mwanamume mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyojaa makovu ya nyaya. Tangu waoane walikuwa wakibishana kama watoto wa tumbo moja. Walibishania njia za mkato, chumvi, habari za redioni, na nani kaacha taa ya choo ikiwaka, kosa ambalo mara nyingi lilikuwa la fundi umeme. Majirani walishazoea. Kisha daktari akatamka kwamba uvimbe mdogo kwenye titi la Mwalimu ni saratani, na tangu siku hiyo Fundi hakubishana naye tena.

Si kwamba alimtupa. Alijifunza kupika, akafua, akapiga deki. Kila siku ya kutundikiwa dripu ya dawa alimpeleka hospitali, akambebea mkoba, kisha akaenda kazini kwake na kurudi kumchukua. Mwalimu akisema chumba kina joto, dirisha linafunguliwa. Akisema kina baridi, linafungwa. Wifi yake, dada mkubwa wa Fundi, alipokuja kumjulia hali alimwambia ashukuru, maana wako wanaume ambao mke akiugua tu wanautafuta mlango. Mwalimu alikubali. Aliona kwa macho yake kwamba ni kweli.

Ndiyo maana hakuelewa kwa nini anazama. Usingizi ulimkimbia. Chakula alikisukuma huku na huku kwenye sahani. Akienda kuoga alifungulia maji kwa nguvu ili asisikike akilia. Muuguzi alipomuuliza nyumbani kukoje, alijibu kwamba kuzuri sana, mume wake ni malaika, na papo hapo akashangaa jinsi neno malaika lilivyomtoka kama malalamiko.

Chumba cha dripu kilikuwa kirefu, chenye viti vya kuegemea vilivyopangwa kando ya madirisha, na vyuma vya kutundikia dawa ambavyo magurudumu yake yalilia kila vikisogezwa. Kiti cha jirani kilikuwa cha mwanamke aliyemzidi umri, fundi cherehani aliyezoeleka kwa jina la Mama Pindo. Saratani yake ilikuwa imeshafika kwenye ini, na hakuificha habari hiyo. Aliambatana na mumewe, mstaafu mfupi aliyekuwa akisambaza barua enzi zake, na wauguzi walimwita Bwana Stempu.

Hao wawili walikuwa na ugomvi usiokuwa na mfano. Walianza mlangoni na hawakukoma. Siku moja waligombania soksi, kwamba Bwana Stempu kavaa za rangi mbili. Siku nyingine waligombania cherehani, nani atairithi Mama Pindo akifa. Yeye alitaka iende kwa mdogo wake, mumewe akasema huyo mdogo hajui hata kutunga uzi, bora yeye mume aiuze anunue baiskeli. Muuguzi aliyekuwa akitafuta mshipa aliinamisha uso asionekane akicheka.

Mwanzoni Mwalimu alimhurumia mwenzake. Aliwaza, mgonjwa wa namna hii, halafu anasumbuliwa hivi. Lakini jicho lake la kazini halikulala. Aliona kwamba Mama Pindo anamaliza uji wake. Aliona anasinzia dripu ikiwa nusu, kinywa wazi, bila wasiwasi, na akiamka anauliza habari za watu. Mwalimu akadhani labda dawa zao ni tofauti, huyu kapewa kitu cha kumtuliza. Akamuuliza muuguzi, akaambiwa hapana, hajapewa chochote cha namna hiyo. Basi swali likamkaa kichwani kama wimbo. Iweje mwenye ugonjwa mkubwa na mume mgomvi alale, na yeye mwenye malaika akeshe?

Siku moja Bwana Stempu alipotoka kununua maji, akamuuliza Mama Pindo mwenyewe.

"Dada, samahani. Kugombana huku hakukuchoshi?"

Mama Pindo alimtazama kwanza, kama anayepima kitambaa. "Kunanichosha," akasema. "Lakini akigombana nami najua bado ananihesabu miongoni mwa walio hai. Wa kwako je?"

Mwalimu akasema wa kwake hagombani kabisa.

"Kabisa?" Mama Pindo akatikisa kichwa polepole. "Pole, mdogo wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumpa pole kwa ajili ya ndoa yake tangu augue, na pole hiyo ilimchoma mahali ambapo pongezi zote za wifi hazikuwahi kufika.

Akaamua kufanya jaribio. Nyumbani alianza uchokozi. Alimwambia Fundi supu imepoa, akaipasha. Akamwambia sasa inaunguza, akakaa akaipuliza. Akasema lile shati la bluu linamfanya aonekane kama mlinzi wa benki, naye akaenda chumbani, akarudi na jingine. Mwishowe alicheza karata aliyodhani haiwezi kushindwa: akasema dada yake Fundi ni mmbeya. Fundi akasema, "Pole, nitamwambia asije mara kwa mara." Mwalimu aliona kama anausukuma ukuta wa pamba.

Jumamosi asubuhi, katika wiki ya mapumziko ya dawa, alichukua ufunguo wa gari kwenye msumari wake. Alikuwa amemuuliza daktari mapema, akaambiwa akijisikia ana nguvu anaweza kuendesha safari fupi. Fundi alimfuata hadi uani akisema kwa sauti yake laini kwamba atamwendesha yeye, aende popote atakapo. Mwalimu akaketi kwenye usukani na kuwasha. Fundi hakuwa na la kufanya ila kuingia upande wa pili.

Upande wa pili, kama ilivyokwisha kusemwa, ulikuwa na breki.

Kwenye makutano ya kwanza Fundi aliikanyaga. Gari likaruka, likatulia. Akaomba radhi. Walipofika karibu na shule aliikanyaga tena, ilhali barabara ilikuwa nyeupe. Mara ya tatu ilikuwa katikati ya mzunguko, nyuma yao honi zikalia kama harusi, na dereva wa lori akawatolea maneno mazito. Mwalimu akalitoa gari taratibu, akaliegesha mbele ya duka la vifaa vya ujenzi, akazima.

"Umeshanizika, Fundi," akasema. "Kaburi tu ndilo bado."

"Usiseme hivyo."

"Basi nikatalie! Niambie nimekosea. Huniambii kitu tangu tulipotoka kwa daktari. Nasema nyeusi, unasema nyeusi. Nasema nyeupe, unasema nyeupe. Mtu wa kubishana na mimi nimemkosa, nami nilikuwa naye nyumbani."

Ndipo Fundi akapandisha sauti, naye hakuwa amepandisha sauti muda mrefu hata ikamtoka imepasuka. "Unadhani nakaa kimya kwa raha zangu? Dada alinionya siku ile ile. Alisema hasira ndiyo chakula cha ule uvimbe. Kila nikikubishia unakua. Maneno yamenijaa hapa," akajigusa kooni, "nashindwa hata kumeza. Nikirudi kutoka kazini nakaa kwanza kwenye ngazi nje, najikaza, ndio naingia. Nilidhani nakulinda."

Mwalimu akamtazama. Alikuwa amemsoma mume huyu kama alivyowasoma wanafunzi wake wote, na alikuwa amemsoma kichwa chini miguu juu. Ukimya alioudhania wa mtu aliyekata tamaa ulikuwa wa mtu anayeogopa hata kukohoa karibu na moto.

"Na wewe ukaamini?" akauliza.

"Sikuwa na ujasiri wa kumuuliza daktari. Angesema ndiyo, je? Ningekumbuka ugomvi wetu wote."

Wakalia humo garini, kila mmoja akitazama upande wake, mpaka muuza duka akatoka kuuliza kama gari limeharibika. Fundi akamjibu kwamba ndiyo, lakini linatengenezeka. Mwalimu akasema halina hitilafu yoyote, ila abiria ndiye mwenye kasoro. Fundi akasema dereva naye aangaliwe. Walirudi nyumbani wakibishania njia.

Walipokutana tena na daktari, mwanamke kijana mwenye kusema mambo bila kuzungushazungusha, Fundi alipiga moyo konde akauliza swali lake. Daktari hakucheka. Alisema hajui ushahidi wowote wa ugomvi wa nyumbani kukuza uvimbe, na mapenzi nayo hayauyeyushi, ingawa angependa iwe hivyo, kazi yake ingekuwa nyepesi. Ila aliwaona wagonjwa wengi, na wale wenye mtu wa kumwambia ukweli nyumbani mara nyingi waliubeba mzigo kwa namna nyingine. Woga haukuwatafuna wakiwa peke yao. Mwalimu akauliza kwa nini, kinachofanya kazi hasa ni nini. Daktari akakiri kwamba swali hilo hata yeye linamuumiza kichwa.

Mambo hayakugeuka kwa siku moja. Zilikuwapo asubuhi ambazo Mwalimu aliamka na ule uzito ule ule kifuani, na Fundi mara nyingine alirudia umalaika wake bila kujua. Hata hivyo uji ulianza kushuka, na usingizi ukarudi vipande vipande, na bafuni maji yakafunguliwa kwa ajili ya kuoga tu.

Mama Pindo hakuonekana tena kwenye kiti chake. Muuguzi akaeleza kwamba wamebadilisha matibabu yake, sasa anameza vidonge nyumbani. Mwalimu akaomba kuelekezwa, akaenda kumtembelea na kumshukuru. Njiani alijiandaa kuusikia ugomvi tangu kwenye ngazi.

Alikuta kimya. Mama Pindo amejilaza kwenye kochi, amekonda, mguu wake uko mapajani mwa Bwana Stempu, naye anaukanda kwa mafuta huku akitazama nje. Hakukuwa na neno kati yao. Mwalimu alikaa nao kitambo, na hata chai ilipomwagika mezani hakuna aliyemlaumu mwenzake. Mama Pindo aliposinzia, Mwalimu hakuweza kuvumilia, akamuuliza Bwana Stempu kwa kunong'ona kama wamekosana.

Bwana Stempu alitabasamu. Alieleza kwamba hapa nyumbani wao si waongeaji, hawajawahi kuwa. Mkewe ni mwoga wa sindano kupita kiasi. Mara ya kwanza alizimia kabla haijamgusa. Mara ya pili mumewe, katika kuhangaika, akamtukania dada yake, mkewe akawaka, na walipokuja kushtuka sindano ilikuwa imeshaingia. "Tangu hapo kila siku ya dripu natafuta la kumuudhi," akasema. "Zile soksi nilizichagua makusudi."

Mwalimu alirudi garini, ambako Fundi alikuwa akimngoja, na akamsimulia yote. Alicheka, kisha akachanganyikiwa. Alikuwa amejenga nadharia nzima juu ya ugomvi wa watu wale, akaitumia kuifungua ndoa yake, na kumbe haukuwa ugomvi. Fundi akasema ulikuwa, ila wenye kazi maalumu. Mwalimu akasema hapana, kazi ilikuwa ni kumjua mkewe anaogopa nini.

Fundi hakubisha. Alishika ufunguo mkononi bila kuwasha gari.

"Na wewe?" akauliza. "Kule ndani unaogopa nini hasa? Mimi nilidhani sindano."

"Sindano hata sizioni," Mwalimu akasema. "Ni pale unaponiacha mlangoni ukaondoka kwenda kazini. Naona kama nazoea kuagana."

Fundi aliushusha ufunguo mapajani. Akasema hakulijua hilo, na kwamba siku za dripu angeweza kuomba kazi za alasiri ili abaki naye, ila atakaa kiti gani, maana vile vya wageni vinamuumiza mgongo. Mwalimu akamwambia aache kudeka. Akamwambia pia kwamba yeye naye ana swali, kuhusu zile ngazi za nje, anapokaa kabla ya kuingia, huwa anawaza nini, na Fundi, akitazama mbele kupitia kioo, akaanza kumweleza.