Posa ya Matairi Mapana

Usiku wa kuamkia leo niliota matairi mawili mapana yamekuja nyumbani kuposa.

Nieleze kwanza hali ilivyokuwa kabla sijalala. Marehemu baba alituachia gari la Kimarekani la milango miwili, rangi ya buluu, injini ya silinda nane, alilouziwa na mmisionari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Likiwashwa hapa Cheyo, kuku wa jirani wanaacha kutaga. Shida yake ni matairi ya nyuma. Ni membamba, na Tabora yetu ni mchanga mtupu. Kwenye harusi ya mpwa wangu nilikanyaga mafuta kwa madaha mbele ya nyumba ya bwana harusi. Gari halikusogea hata kidogo, ila mchanga wote uliokuwa chini yake ulihamia kwenye masinia ya pilau ya wakwe.

Nikanunua matairi mapana. Hayakuingia. Fundi Kapipi, ambaye dawa yake ya kila kitu ni kukata, akachora mstari wa chaki juu ya madigadi ya nyuma, yale mabati yanayofunika magurudumu, akasema mashine yake ya kukatia vyuma ameiazimisha, lakini Ijumaa asubuhi atafika nayo. Mama akatoka ndani, akautazama ule mstari.

"Baba yako alikuwa analifuta gari hili kwa kanga zangu mpya, nikanyamaza," alisema. "Leo unalikata?"

Akarudi ndani. Tangu siku hiyo hakunisemesha. Jana Alhamisi, wakati wa chakula cha jioni, alimwambia mke wangu Nyamizi, "Mwambie huyo mwenye matairi kwamba ugali upo." Tulikuwa tumekaa mkeka mmoja, magoti yanagusana. Iliniuma sana. Nikala kidogo, nikaenda kulala nimenuna, nikijua kesho yake Kapipi anakuja.

Ndipo wakabisha hodi.

Nafungua mlango. Ni mapacha, weusi ti, wamevaa bareti, wananukia harufu ya dukani. Nawakaribisha kwenye makochi. Wanajaribu kukaa, wanabingirika mpaka ukutani, wanaomba radhi, wanarudi. Mshenga wao ni jeki. Jeki huyu hasemi neno bila kupanda kwanza. Anajizungusha, anapanda, anafika usawa wa macho yangu, anasema. Akimaliza anateremka taratibu, na sote tunasubiri.

"Mzee Luhende," anasema akiwa juu, "vijana hawa wameona ekseli hapa kwako."

Anateremka. Anapanda tena.

"Wamempenda."

"Ekseli ana watu wake," nasema. "Yale membamba."

"Tumezungumza nao. Wamechoka. Wamekubali kwenda kuwa bembea shuleni."

Nauliza inakuwaje wawili waoe mmoja. Jeki anasema ekseli zote ndivyo zilivyo, kila mwisho na tairi lake, na hajawahi kusikia ugomvi. Nawageukia vijana, nawauliza wana nini cha kumtunzia binti wa watu.

"Upana," wanasema kwa pamoja.

"Na nini tena?"

"Upana tu, mzee."

Siwezi kuwalaumu. Hata mimi dukani nilipenda hicho hicho.

"Sawa," nasema. "Lakini lazima mumwone mama yake."

Hapo upepo unawatoka kidogo. Nausikia ukitoka.

Sebule haipo tena. Tuko uvunguni mwa gari, ila uvungu ni mrefu kuliko stesheni ya reli na una mabenchi. Ekseli amekaa katikati, amejifunika shela la grisi, haonyeshi hata kidole. Upande wa ndani yuko mjomba wake, Springi, mzee mkali wa vyuma vilivyopangana tumboni. Upande wa nje, amevaa buluu juu mpaka chini, ametugeuzia mgongo, yuko mama wa bibi harusi. Ni Madigadi.

Kwetu mwanamume hagusani na mama mkwe wake. Akimwona njiani anapinda kichakani, na wakilazimika kusalimiana wanasalimiana kwa mbali, kila mtu anatazama upande wake. Mle uvunguni nikatambua kwamba ile sheria ya gereji, ya tairi kutogusa madigadi, haikutoka gereji hata kidogo. Ilitoka ukweni.

Jeki anapanda. "Tunaomba kijana mmoja apimwe nafasi yake."

Pacha wa kushoto anaingia kwa adabu. Anamkwepa mama mkwe, anamkanyaga mjomba.

"Kijana," anasema Springi.

Anasogea nje. Madigadi anakohoa.

Anasogea ndani.

"Kijana, nimekwisha kukwambia."

Anasimama katikati, amebana pumzi. Hagusi mtu. Hata mimi nimebana pumzi.

"Anafaa!" nasema haraka.

"Anafaa gari likiwa tupu," anasema Springi. "Waiteni mashangazi."

Mashangazi wanaingia. Ni shangazi zangu hasa, wa upande wa baba, wenye miili yao, na kila mmoja ana ndoo ya vitumbua kwa ajili ya safari. Wanakaa kiti cha nyuma, wanatafuta mahali pa kuweka ndoo, wanalaumiana. Springi anaguna. Gari linashuka. Madigadi, ambaye hajainuka alipokaa, anashuka nalo, polepole, kwa heshima zake zote, mpaka anamkalia mkwewe kichwani.

Shangazi mkubwa anajifunika uso kwa kanga. Harufu ya mpira unaoungua inatanda kila mahali, na kila mtu anafahamu kwamba ndiyo aibu yenyewe. Nilikuwa sijui kuwa aibu ina harufu.

"Mahakama!" anaita mtu.

Tuko mahakamani. Hakimu ni Fundi Kapipi. Amevaa ovaroli nyeusi na wigi la steliwaya ya kusugulia masufuria. Mbele yake, mahali pa Kitabu cha kuapia, imewekwa mashine ya kukatia vyuma. Shahidi wa kwanza ni mshale wa spidi, ametolewa kwenye dashibodi, anatetemeka.

"Gari lilikuwa linakwenda ngapi?" anauliza Kapipi.

"Sitini, mheshimiwa."

"Sabini," wanasema mapacha.

Mshale anaanza kulia. "Hawa ni warefu kuliko wale wa zamani, mheshimiwa. Tangu waje, nikisema sitini gari limekwenda sabini. Maisha yangu yote sijasema uongo, leo nimekuwa mwongo uzeeni."

Anapewa maji. Anapewa na mafuta kidogo. Kapipi anaandika hukumu bila kuuliza swali jingine, kwa sababu chaki anayo tayari mkononi.

"Mahakama imeona mkwe hana kosa, maana ni mpya na bado ana risiti," anasoma. "Mama mkwe akatwe."

Anashuka kutoka kitini, anachora mstari mgongoni mwa Madigadi, anachukua mashine. Mashine inaamka, inapiga miayo, inauliza, "Wapi?"

Nataka kusema hapana. Siwezi. Kinywani nimebana nati za magurudumu, kama mafundi wanavyobana ili zisipotee mchangani, na nimeshawaonya watu wengi kwamba nati ya gari hili ikipotea, Tabora nzima hupati nyingine. Nikifumbua mdomo gari halitembei tena. Mashine inakaribia ule mgongo wa buluu. Mashangazi wanakula vitumbua.

Nazitema zote.

"Hapana! Asikatwe!"

Nati zinakimbilia mlangoni, zinaonana na bawabu, zinatoka. Madigadi anageuka. Ni mara ya kwanza kumwona kwa mbele. Uso ni wa bati na una kutu kidogo chini ya shavu, lakini sauti ni ya mama.

"Umesema nini?" ananiuliza.

Nilifurahi, siwezi kueleza. Wiki nzima mama hakuniuliza kitu. Nilitamani hata anitukane, ilimradi anitukane mimi mwenyewe bila kumpitisha Nyamizi.

"Nimesema mtu asikukate."

"Na hao vijana watakaa wapi?"

"Sijui, mama."

"Hujui. Umealika wageni hujatazama vitanda, sasa unataka kubomoa nyumba." Anautazama ule mstari wa chaki, anaupangusa kwa kiganja. "Nikikushonea kanzu ikawa ndefu, naikata?"

"Hukati. Unakunja pindo."

"Na mimi ninalo pindo. Pitisha mkono ndani."

Namtazama Kapipi. Kapipi anatazama dari. Napitisha mkono chini ya ukingo, kwa uoga, maana hata kwenye ndoto sikupenda kumshika mama wa watu. Kweli bwana. Kwa ndani bati limegeuka likaelekea kwenye tairi, ukingo mwembamba wenye makali, na ndio huo peke yake uliokuwa unamkwaruza kijana. Ule upande wa nje ambao baba alikuwa anaufuta kwa kanga mpya haukuwa na kosa lolote. Kapipi hakuwahi kupitisha mkono humo, na mimi pia sikuwahi.

"Unipashe moto kwanza," anasema Madigadi. "Rangi yangu ni ya zamani, itapasuka."

Mahakama imekwisha. Tuko uani kwetu, jua linawaka. Birika linatoka jikoni lenyewe na maji ya moto, linanung'unika kwamba liliitiwa chai. Linammwagia Madigadi ukingoni. Baada yake anatoka mchi wa kinu, mrefu, mnyoofu, na katika ndoto nzima huyu peke yake hakusema neno. Anasimama mbele yangu, anasubiri kushikwa.

Namchomeka katikati ya tairi na madigadi, namkaza kwa mikono miwili. Gari linaanza kusogea. Tairi linamzungusha mchi, mchi analiegemea pindo, pindo linaanza kulala. Kuna mtu analisukuma gari kutoka mbele. Simwoni, kwa sababu nimeinama kwenye gurudumu. Namsikia tu akihema.

"Taratibu," anasema huyo mtu. "Usilazimishe."

Anasukuma kidogo, anapumzika. Napandisha mchi kidogo, anasukuma tena. Pindo linalala lote, bila kelele, mwanzo mpaka mwisho, na rangi ya nje haijapasuka hata unywele.

"Mashangazi!" naita.

Wanapanda na ndoo zao. Springi anaguna, gari linashuka, Madigadi anashuka nalo. Sote tunainama kutazama. Anashuka, anashuka, anasimama. Kati yake na mkwewe panapita kidole.

Pacha wa kushoto anatazama ukuta wa choo.

"Shikamoo, mama," anasema.

Madigadi anatazama mtaani.

"Marahaba, mwanangu."

Mashangazi wanapiga vigelegele mpaka vitumbua vinamwagika. Ekseli anafunua shela kidogo, anachungulia, anajifunika tena. Jeki anaona ni wakati wa mshenga kutoa shukrani. Anajizungusha, anapanda.

"Na mimi je?" anauliza pacha wa kulia, ambaye bado amesimama nje.

Kila mtu anamnyamazisha, mshenga anapanda. Anapita usawa wa macho yangu. Anapita paa. Alikuwa bado anapanda nilipoamka.

Kulikuwa kumekucha. Nyamizi alikuwa amelala fofofo, amevuta shuka lote upande wake. Nikalala hapo nikitazama dari, nikisikiliza kama mashine ya Kapipi imeanza kulia nje. Sikusikia mashine. Nilisikia kitu kinasuguliwa.

Nikatoka uani. Mama alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha, mchi wa kinu uko mapajani. Alikuwa anausugua kwa majivu na kitambaa. Ubavuni mwa ule mti mweupe, tangu katikati mpaka karibu na ncha, palikuwa na mstari mwembamba wa buluu.

Nilisimama, nikaogopa hata kusogea. Nikatazama upande wa gari.

"Shikamoo, mama."

Yeye alikuwa anatazama mchi.

"Marahaba. Kapipi amekuja, nimemrudisha." Akasugua tena, akaacha, akajishika kiuno. "Rangi yenyewe haitoki. Kamwamshe mkeo aje asukume. Upande wa kulia bado, na mimi kiuno changu ndiyo basi tena."