Chupa ya Maji Matupu

Kaka yetu mkubwa ni fundi wa kuchomelea vyuma, na akili zake zote ziko kwenye ngumi. Mchana ule alimtwanga muuguzi mbili za uso, mbele ya kitanda cha mdogo wetu aliyechomwa kisu cha paja. Kisa? Dripu imeisha, na muuguzi kasema nyingine inakuja kutoka stoo. Kaka akaona anazungushwa. Akavunja kabati, akatoa chupa ya maji ya kuchanganyia dawa, maji matupu yasiyo na chumvi, akamkaba muuguzi shingo mpaka muuguzi akaitundika. Mimi, mtu wa maabara ya hospitali hiyo, nilikuwa chumba cha pili napima damu ya kumwongezea mgonjwa.

Niliporudi chupa ilibaki robo. Nikaichomoa. Mfuko wa mkojo ulishageuka mwekundu, mdogo wetu anatetemeka kitanda kizima. Tulihangaika naye saa nzima, muuguzi akifanya kazi kwa jicho moja, la pili limevimba likafumba. Akatufia mikononi.

Kaka akamrukia muuguzi tena. Akambana ukutani, mkono kooni, eti kamtilia mtoto wa mama yake sumu. Nikamvuta shati, akanipiga kiwiko, jino likang'oka. Muuguzi alianza kulegea miguu. Huyu naye angekufa, hivi hivi tunatazama.

Kwa nguvu simuwezi. Nikachukua mirija miwili ya kioo ya kupimia damu: mmoja nikatia mabaki ya dripu ya mwanzo, wa pili maji ya kaka. Nikadondoshea kila mmoja damu ya mdomo wangu, nikaitikisa mbele ya macho ya kaka.

"Huu una chumvi kama ya mwilini," nikamwambia. "Damu imebaki nzito, vidole vyangu nyuma yake huvioni. Huu ni maji yako. Ngozi ya chembe ya damu inapitisha maji, chumvi ya ndani haitoki. Basi maji yanaingia, yanaingia, mpaka inapasuka. Vidole unaviona?"

Aliviona, katika wekundu mwangavu. Akatazama mfuko wa mkojo. Wekundu ule ule.

Mkono ukaachia. Muuguzi akaporomoka sakafuni akikohoa. Nje tukamsikia mama anauliza wodi ni ipi.

"Mwambie ni sumu," kaka akaninong'oneza. "Nakuomba, mdogo wangu."

Nilimpenda kaka yangu, na saa ile nilimchukia. Nikamfungulia mama mlango.

"Kaka ana neno la kukwambia," nikasema.