Likizo ya Saleh Chini ya Maji

Saleh bin Yousuf, muuza vifaa vya ujenzi wa Bagamoyo mjini, alikuwa amefikisha miaka hamsini na minne bila maji ya bahari kumpita magoti. Babu zake walikuja kwa bahari hiyo hiyo kutoka Oman, na inaelekea waliona safari moja inatosha ukoo mzima.

Siku moja Zayed, mpwa wake wa Maskati, akatuma video kwenye kundi la familia: yuko chini ya maji, mtungi wa hewa mgongoni, samaki wa manjano wanamzunguka. Saleh aliitazama mara tatu pale kaunta, kisha akaandika: "Mashallah. Nasi huku tunajiandaa. Mwezi wa kumi tunazamia Mafia, inshallah." Alipousoma ujumbe wake alishangaa hata mwenyewe. Lakini dada yake Kholood alikwisha kutuma pongezi, na neno likishatoka mbele ya ukoo halirudi.

Tangu hapo duka likageuka ofisi ya safari. Ukutani alibandika ratiba: siku ya kwanza matumbawe ya karibu, ya pili ya mbali, ya tatu kumtafuta potwe, yule papa mkubwa asiyemdhuru mtu. Mteja aliyefuata misumari aliondoka na misumari pamoja na mawaidha.

"Ukipanda juu haraka, damu inatoa povu kama soda," Saleh alimwonya fundi mmoja wa Kiwangwa, ambaye hakuwa na nia yoyote ya kushuka.

Fomu ya wazamiaji ilipotumwa kutoka Mafia, aliyeisoma hadi mwisho ni mkewe, Khairat.

"Baba Naila, hapa wanataka mtu aogelee mita mia mbili kwanza. Wewe umejua kuogelea lini?"

"Kuogelea ni mambo ya juu ya maji," Saleh akajibu. "Mimi nakwenda chini."

Hata hivyo, tangu mchana ule alianza kuwaza atampata wapi mwalimu.

Mwalimu alijileta mwenyewe dukani. Bi Mina wa Mlingotini, mkulima wa mwani, alikuja kununua kamba. Mashamba yao yalikuwa yamehamishiwa kwenye kina kirefu, na akina mama wote wa kikundi chake wakafundishwa kuogelea. Saleh akamwita pembeni, akashusha sauti, akaeleza shida yake.

"Nitakufundisha, Bwana Saleh," Mina akasema, "ila mume wa mtu simshiki mikono. Njoo na Bi Khairat. Mimi nitamshika yeye, yeye akushike wewe."

Basi kila Jumamosi asubuhi, maji yakijaa, somo lilipita kwanza kwa Khairat ndipo likamfikia Saleh. Mina alimlaza mwanamke mwenzake chali juu ya maji. "Legeza shingo, dada. Bahari haimbebi anayebishana nayo." Khairat akalegeza. Ndoa yake ilikuwa na miaka thelathini. Kutobishana hakukuwa somo geni kwake. Wiki ya tatu alielea peke yake, dera limetanda pande zote. Saleh alikuwa amekumbatia dumu la lita ishirini, akimweleza namna inavyotakiwa.

"Piga miguu, Baba Naila."

"Si napiga!"

"Huko ni kupanda ngazi."

Mwezi wa kumi ukafika, wakaenda. Saleh alikuwa amemwandikisha na mkewe, apate mtu wa kumpiga picha huko chini. Mwalimu wa kuzamia, mtu mpole aitwaye Twalib, aliwapima siku ile ile waliyofika. Saleh aliogelea mita arobaini, na kumi za mwisho alizitembea. Khairat alimaliza mia mbili, akauliza kama anatakiwa kurudi.

"Mzee wangu," Twalib akasema, "wewe tutakuwa nawe botini. Mama atashuka."

Saleh alitaka kumwambia kwamba ratiba ni yake. Lakini Twalib alikwisha kuanza kumchagulia Khairat mtungi. Baada ya siku mbili za mafunzo ya Khairat, boti lilipotia nanga juu ya matumbawe, Saleh alikuwa amekumbatia ukingo, chai ya asubuhi anawarudishia samaki.

Khairat akaketi ukingoni, mtungi mgongoni, akajiangusha kinyumenyume. Mapovu yake yakapanda, yakahama, yakapotea ndani ya mng'ao. Kwa dakika thelathini na tano Saleh hakumpa mtu mawaidha. Alisoma Ayatul Kursi, akarudia, akapoteza hesabu. Hakuwahi kufikiri kwamba mke wake anaweza kuwa mahali asipoweza kumwita.

Khairat alipoibuka, uso una alama ya miwani ya kuzamia, alikuwa anacheka kicheko ambacho Saleh alikuwa hajakisikia kwa miaka mingi. Saleh akamvuta botini kwa mikono miwili.

"Umeona nini? Mama Naila, umeona nini?"

Khairat akayageukia maji.

"Ngoja kwanza," akasema. "Bado naona."

Jioni, bado wakiwa ufukweni na Twalib, Saleh aliandika kwenye kundi: "Alhamdulillahi, tumezamia." Zayed akauliza papo hapo: mjomba, mlifika mita ngapi? Saleh akamsogezea mkewe simu, amnong'oneze jibu. Khairat akaandika mwenyewe: "Kumi na mbili. Mjomba wako alibaki juu, akatusomea dua." Akautuma ujumbe.

Saleh akanyoosha mkono aufute. Lakini simu ilikuwa bado mikononi mwa Khairat, na Khairat alikwisha kugeuka, anamuuliza Twalib kesho wanaondoka saa ngapi.