Rimoti Moja, Ghorofa Tatu

Mama mkwe alinunua sabufa tatu siku moja, duka moja, rangi moja, ili asiwepo mwanawe wa kununa. Ya kwanza iliwekwa ghorofa ya chini kwa mkubwa, ya pili kwa wa kati, ya tatu juu kabisa kwa kitinda mimba. Rimoti zilizokuja nazo hazikumaliza mwaka. Moja ilikaliwa, moja ikazama kwenye ndoo ya kufulia, na ya tatu hakuna anayejua ilikokwenda, ingawa kila ndugu ana anayemshuku. Ndipo mkubwa akanunua rimoti ile inayoendesha vyombo vya kila aina, akaifundisha namba ya sabufa yake, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Zikawaka zote tatu, chini, katikati na juu, zege na dari visizuie kitu.

Wakainuka na wake watatu.

Mke wa mkubwa ni mshonaji, na hushonea nyumbani. Aliacha gauni la watu na sindano imezama kwenye pindo, akaenda jikoni kwa mama mkwe, ambako nyumba nzima hupikia. Mke wa wa kati, mwalimu wa chekechea, alikuwa kwenye kikao cha wazazi. Alisimama katikati ya sentensi yake mwenyewe, akachukua mkoba, akatoka. Mke wa kitinda mimba anauza dawa katika duka lililo karibu na kituo cha mabasi. Aliweka chini chupa ya dawa ya kikohozi aliyokuwa akimpimia mtoto, akavua koti jeupe, akashika njia. Walikutana jikoni, wakasalimiana, wakaanza kumenya.

Wanaume hawakuona ajabu yoyote. Wake zao walikuwa wakiinuka hivyo miaka yote. Tofauti ni kwamba zamani ilibidi waitwe, na kuita kunakausha koo.

Tangu hapo jioni zilikwenda kwa rimoti. Mkubwa akipunguza sauti, wanawake jikoni walianza kunong'ona, hata kama walikuwa wanaulizana chumvi iko wapi. Akinyamazisha kabisa ili apokee simu, walielekezana kwa vidole. Akizima, walilala palepale usingizi ulipowakuta, na mara moja mshonaji alilala amekumbatia cherehani mpaka alfajiri. Mumewe alimfunika shuka. Si mtu mbaya.

Shida ilikuwa duka la dawa. Mwenye duka alimwita muuza dawa pembeni, penye maboksi.

"Dada, mara ya kwanza nilijua una dharura. Ya pili nikasema labda nyumbani kuna mgonjwa. Jana mama wa watu amekaa hapa na mtoto ana homa, anangoja urudi, nawe umeshafika kwako. Ukiondoka tena hivyo, usirudi."

"Nimesikia, bosi."

Aliipenda kazi ile. Pale kaunta watu walimuuliza jambo kisha wakanyamaza wapate jibu lake, na hapakuwa na mahali pengine ambapo watu walifanya hivyo. Usiku huo alimwomba mumewe aseme na kaka yake, asibonyeze kabla duka halijafungwa.

"Nitamwambiaje?" mume alisema. "Mpira unaanza saa hiyo."

"Na kazi yangu?"

"Kazi hazijaisha duniani."

Hakukasirika. Aliwahi kukasirika zamani, na alikumbuka kwamba ilikuwa inachosha.

Fundi aliitwa na wa kati, na si kwa ajili ya wanawake. Wa kati alichoshwa na kusikiliza mpira wa kaka yake kila anapotaka taarifa ya habari. Fundi aliigeuza sabufa, akaipuliza vumbi, akaigeuza tena.

"Hizi zimetoka kiwandani na namba moja, na za bei hii hazibadilishwi namba," alisema. "Rimoti haijui huyu ni nani na yule ni nani. Dawa yake ni kuliziba jicho, basi. Jicho likizibwa, chombo hakisikii."

Alikata kipande cha tepu nyeusi ya kufungia nyaya, akakibandika kwenye jicho la sabufa. Jioni ile wa kati alilazimika kuinuka mwenyewe kwenda kuiwasha. Aliinuka mara moja tu, akaona huo ni usumbufu, akaibandua tepu. Tangu siku hiyo anasikiliza mpira na hana neno.

Lakini siku ile, kabla fundi hajaondoka, muuza dawa alimfuata kwenye ngazi.

"Fundi, na mimi?"

"Geukia dirishani, dada."

Aligeuka. Fundi alisogeza ncha ya kilemba, akalikuta jicho kwenye kisogo, chini kidogo ya nywele zinapoishia, dogo, jekundu lililokolea.

"Hili hapa. Usililoweshe leo," alisema, akabandika, akampa na tepu iliyobaki.

Kesho yake jioni, akiwa kaunta, alihisi kitu kikigonga kisogoni kwa mbali. Miguu haikwenda. Alimaliza kupima dawa, akamweleza mzee mmoja kwamba vidonge hivi ni baada ya kula, akafunga duka pamoja na bosi wake. Alifurahi, si sana.

Nyumbani aliingilia mlango wa jikoni. Mshonaji alikuwa anakaanga, mwalimu anapanga sahani. Mahali pake, kwenye sinki, alisimama mama mkwe, magoti yamevimba, mikono ndani ya povu. Saa kama hiyo huwa amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya stuli.

"Mama, kaa. Nimeshafika."

"Namalizia, mwanangu."

Huko juu mumewe alikuwa amekula ameshiba. Sahani ilifika kwa wakati, kwa hiyo hakujua kwamba mkewe hakuwepo.

Ikawa hivyo kila jioni. Muuza dawa alimtolea mshonaji tepu, naye akaitazama, akatikisa kichwa.

"Nikibandika mimi, Mama ataosha na kupika. Tukibandika wote, afanye peke yake?"

Mwalimu alisikia, akaendelea kufuta sahani.

Siku yake ya mapumziko, kabla mkubwa hajarudi kutoka kazini, muuza dawa alikata kipande kimoja, akasimama nyuma ya kiti cha mama mkwe.

"Inama kidogo, Mama."

Mama mkwe aliinama. Muuza dawa alitafuta kuanzia sikio hadi sikio, akapanda hadi utosini, akashuka hadi mabegani. Hapakuwa na jicho. Palikuwa na kovu moja tu kisogoni, laini, kama tundu la hereni lililojifunga.

"Lilikuwepo," mama mkwe alisema. "Liliziba zamani. Baba yao alikuwa bado hai."

"Sasa kinachokuinua ni nini?"

Mama mkwe alifikiri. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Naona tu saa imefika."

Muuza dawa alibaki na kipande cha tepu kidoleni. Alikuwa na huzuni, na hakuwa na pa kuiweka. Mwishowe aliibandika tepu palepale penye kovu, akailainisha kwa kidole gumba, kingo zote nne, kisha akaketi kando yake.

Mkubwa akarudi, na ghorofa ya chini rimoti ikabonyezwa. Sabufa tatu zikawaka. Mshonaji akaacha kitambaa, mwalimu akaweka chini kalamu, na mama mkwe akashika kiti kwa mikono miwili, akainuka. Muuza dawa naye akataka kuinuka, kwa hiari yake, na mama mkwe akamshika bega.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Kesho una kazi."

Akakaa.