Winga wa Kushoto Bado Anakimbia

Fundi wa mitambo aligawa fulana za mazoezi, kila moja na kifaa chake mgongoni cha kupima mbio na mapigo ya moyo, kidogo kama kipande cha sabuni. Kisha akarudi chumbani kwake chini ya jukwaa, akawasha kompyuta. Kila mchezaji alikuwa nukta ya kijani inayokimbia. Upande wa kushoto alikuwepo winga wao Kiberiti, waliyemzika mwezi uliopita.

Fundi akachungulia dirishani. Hapakuwa na mtu pale, ila nyasi zililala na kuinuka kama zinakanyagwa. Akamwita kocha kwa redio.

"Kiberiti yuko uwanjani."

"Anakimbiaje?"

"Vizuri. Mapigo ya moyo ndiyo hana."

"Basi apewe mipira."

Wakampa. Beki wa kulia alilalamika tu kwamba marehemu anamvuta jezi.

Usiku ule usingizi ukampaa fundi. Siku aliyoanguka Kiberiti, nukta yake ilikuwa nyekundu kwa kitambo, dalili kwamba moyo umeelemewa. Fundi alimwambia kocha amtoe, akarudia. Kocha akamwambia asiwatie vijana uvivu. Baadaye klabu ikatangaza kwamba moyo mbovu ni ugonjwa wa kwao, wa kurithi.

Kesho yake, saa ya mazoezi, akamwita mama mzazi wa Kiberiti. Mama akaja, akaketi mbele ya skrini, mkoba mapajani.

"Wangu yupi?"

"Huyu hapa, mama."

Mama akaigusa nukta kwa kidole. Ikasimama. Nje, nyasi nazo zikatulia.

"Umechoka, baba," akamwambia. "Twende nyumbani."

Nukta ikaanza kutoka polepole, ikafika karibu na geti. Hapo filimbi ya kocha ikalia. Nukta ikageuka, ikarudi mbio kwenye winga yake.

Mama hakulia. "Tangu mdogo ni msikivu," akasema. "Nilimlea hivyo mwenyewe."

Wakamtazama akipanda na kushuka. Kisha mama akasogeza uso karibu na kioo.

"Na huyu wa katikati, mbona amekuwa mwekundu?"

"Huyo ni kiungo mpya." Fundi alikwisha kushika redio. "Kocha, mtoe kiungo. Mtoe sasa hivi."

"Amalizie zoezi kwanza," redio ikajibu.

Mama akainuka, akajitanda mtandio vizuri.

"Mama yake anakaa wapi?"

Fundi akamwelekeza. Mama akatoka kwenye jua kali, kwenda kukaa na mwenzake.