Pumzi ya Evert

Kila asubuhi Hjalmar Lundmark huchomoa waya uliolala ukipasha injini joto, hukwangua theluji kwenye kioo, kisha hujipenyeza kwenye kiti kilichoinama karibu kugusa ardhi, magoti yakilalamika. Gari ni la mbio, limebandikwa madoadoa meusi na meupe ili wapita njia wasilitambue umbo, na nguvu zake zingetosha kukivuta kijiji chetu mpaka Norwei na kanisa juu yake. Kampuni huja kutoka kusini kila msimu wa baridi kujaribu magari yake juu ya ziwa letu likishaganda. Kazi ya Hjalmar ni kuzunguka duara la barafu kwa kasi, nyuma ya gari ikiteleza nje, usukani kaugeuza kinyume, mguu ukibembeleza mafuta. Breki haigusi. Anayegusa breki pale ni mgeni au mlevi, na hata walevi wetu hawathubutu.

Chini yake, upande wa pili wa barafu, Evert naye huendesha. Gari lake limepinduka matairi juu, na yanagusana na ya Hjalmar, barafu ikiwa katikati. Hjalmar akiteleza, Evert huteleza. Akipunguza mwendo, naye hupunguza. Alianza msimu huu, mara tu barafu ilipokomaa. Madereva wengine walilalamika kwamba taa zake zinawaumiza macho, wakapewa miwani ya giza. Fundi wa matairi alilala kifudifudi akachungulia, akasema misumari ya tairi za Evert haijalika hata kidogo, na hilo lilimfurahisha.

Evert alikuwa mume wa Gunvor, dada yake Hjalmar, na ndiye aliyekuwa akitoboa barafu kupima unene wake kabla magari hayajaingia. Msimu uliopita, bosi wa majaribio, Wiegand, alikuwa na haraka ya kulifikisha gari ng'ambo. Akamuuliza Evert, "Kule kwenye mkondo barafu bado nyembamba?"

Evert akamjibu ndiyo. Ila huku kwetu ndiyo haisemwi, inavutwa. Mtu hukunja midomo akavuta pumzi kidogo, shup, basi, kajibu. Kanisani bwana harusi akiulizwa hujibu hivyo hivyo, na hakuna mchungaji aliyewahi kulalamika. Wiegand amekaa nasi misimu mingi, kanywa kahawa zetu, kala samaki wetu. Akamtazama Evert, akasema, "Haya, lipeleke basi."

Jamani! Mtu wa kwingine angepiga kelele. Lakini huku kulirudia jambo ni kumwita mwenzio kiziwi, na Evert hakuwa na adabu mbaya. Alidhani bosi kasikia na kaamua. Akavua mkanda wa kiti na kushusha kioo, kama wafanyavyo wanaojua kwamba barafu ni mbichi na huenda wakalazimika kuchomoka, kisha akaenda. Barafu ya mkondoni ikapasuka, gari likazama; kioo kilikuwa kimeganda kikagoma njiani, pakabaki upenyo wa kiganja tu. Wazamiaji walishuka na kurudi na glovu moja.

Kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya watu wote, kampuni ilisema imesikitika sana, ila mpima barafu hakuwa ametoa onyo lolote. Hjalmar akasimama.

"Alionya. Nilikuwapo. Alisema ndiyo."

"Alisema nini hasa?" akauliza Wiegand.

Hjalmar akavuta pumzi kuonyesha.

"Pumzi si neno," akasema Wiegand, kwa upole kabisa.

Tangu siku ile Evert akawa mtu aliyewapeleka watu kwenye barafu mbichi bila kusema. Wavuvi wakaacha kumtaja. Gunvor alikuwa akikaa peke yake kwenye benchi la kanisa linaloenea watu sita, na lilimuuma hilo kuliko hata kaburi tupu. Kwa hiyo Evert alipoonekana chini ya barafu, Gunvor hakulia wala hakupiga ukelele. Alisema tu, "Kaka, mpakie huyo bosi wako mkamuulize mwenyewe. Mpaka asafishwe jina, mie sitoi viatu vyake mlangoni."

Wiegand alikubali kwa urahisi, maana alitaka kuona mshiko wa matairi. Jua lilikuwa limechungulia juu ya misonobari, halikutaka kupanda zaidi. Hjalmar akaliingiza gari kwenye duara, akaliachia liteleze. Taa za Evert zikaja zikatulia chini yao.

"Shemeji," Hjalmar akaita, "ulimwambia bosi barafu ni nyembamba?"

Matundu ya hita, yaliyokuwa yakipuliza joto, yakageuka yakavuta. Shup. Ukungu wote wa kwenye kioo ukaingia humo.

"Umesikia?" Hjalmar akasema. "Hiyo ni ndiyo."

"Una hakika?"

"Nimezaliwa nayo, bosi."

Wiegand akawaza kwa mzunguko mzima. Kisha akainama kwenye hita kama mtu anayenusa sufuria.

"Evert, kosa lilikuwa lako?"

Shup.

"Kampuni ilikutendea haki?"

Shup.

"Bosi, usimfanyie hivyo! Kajaa maji. Mtu aliyezama hawezi kutoa pumzi, anavuta tu. Hata ukimuuliza kama yeye ni kabeji atakubali."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Hjalmar," akasema Wiegand, na alionekana kuguswa kweli. "Nimekuwa nikiwadharau. Samahani. Kumbe ni neno."

Ilikuwa Alhamisi, siku ya supu ya njegere, kantini imejaa. Wiegand akagonga glasi kwa kijiko, akatangaza kwamba Evert amekiri mwenyewe, kwa lugha yake, na kwamba kuanzia sasa kampuni itaiheshimu lugha hiyo. Watu wakaendelea kula. Mzee mmoja akasema kukiri ni jambo la kiungwana, wengi hawawezi. Mtu akaomba haradali.

Alasiri Hjalmar alirudi kwenye duara. Evert alikuwa akimngoja pale pale. Hjalmar hakumuuliza kitu, na hajamuuliza tena mpaka leo, kwa kuwa jibu halina kazi. Humsimulia tu mambo: fulani kauza pikipiki ya theluji, paka wa posta kazaa. Kisha huzunguka wawili hao, injini zikiunguruma, na hakuna mwingine ziwani.

Jioni ile alikwenda kwa Gunvor. Viatu vya Evert vilikuwa mlangoni. Akakaa mezani, akamweleza yote, mpaka ile haradali. Gunvor alisikiliza huku akipangusa meza iliyokuwa safi.

"Kwa hiyo ndiyo basi?" akauliza. "Atabaki hivyo?"

Hjalmar akakunja midomo, pumzi ikafika kwenye meno, akaizuia.

"Ndiyo," akasema kwa mdomo, waziwazi, kama wasemavyo watu wa kusini.

Gunvor akakirudisha kabatini kile kikombe cha nyumbani alichokuwa amemwekea, akashusha chenye maua, cha wageni, akammiminia kahawa.